Shanga za Namba Nne

Jumapili, 3 Agosti

Daftari hili amenipa Lyse, mtoto wangu, na amenipa kwa ubaya. Amesema, "Mama, Jumamosi nikifunga pointi kumi na nane, Jumatatu kwenye saluni zimekuwa ishirini na nne, Ijumaa ni thelathini na moja. Andika siku hiyohiyo, ili zikae."

Nikamwambia mimi niliishia darasa la sita kule Uvira, Kongo, lakini mwalimu wetu alisema mwandiko wangu unashinda wa padri. Basi naandika.

Jana: pointi kumi na nane. Zimekaa.

Mimi ni Antoinette, ila hapa Greyville, Durban, ukiuliza Antoinette hutanipata, uliza Mama Lyse. Nasuka nywele na mwenzangu Mireille. Lyse ana miaka ishirini na moja, anasomea kazi ya maabara, mwaka wa tatu. Yeye ndiye kapteni wa Mwewe, timu ya basketi ya wasichana ya chuo chao, jezi namba tisa. Mlango wa saluni anaingia ameinama. Nimemzaa mwenyewe, bila kupasuliwa, na daktari aliita wenzake waje kuona miguu.

Jumanne, 5 Agosti

Leo majirani wamebishana tena juu ya Mwewe, kichwa cha mteja kilikaa mkononi mwangu nusu saa sijagusa unywele.

Inabidi nieleze hawa watu ni nani. Ukuta wetu na Papa Gustave ni ubao tu. Upande wake anatengeneza simu, na ukutani kwake ametundika picha ya Mwewe wa mwaka 2009. Papa Gustave hajakosa mechi ya Mwewe tangu afike Durban, na hilo ni kabla ya wengi wetu. Katikati ya picha amesimama Namba Nne, Estella, rasta zake zimejaa shanga nyeupe na nyekundu mpaka mabegani. Mwaka ule ndio wa mwisho Mwewe kwenda kombe la vyuo la taifa. Baada ya hapo, kila mwaka wanakwamia njiani.

Goodluck, kinyozi wetu, Mnyakyusa wa Mbeya, ndiye anayesimulia vizuri zaidi.

"Namba Nne, jamani! Akiruka, zile shanga zinagongana juu, ta-ta-ta-ta! Beki akisikia shanga anajua ameshachelewa. Ukumbi mzima kimya, unasikia shanga tu!"

Mireille akamuuliza, "Kaka Goodluck, wewe ulifika Durban lini?"

"Elfu mbili na kumi na nne."

Tulicheka mpaka mteja akalalamika kwamba namvuta. Lakini Papa Gustave kwa upande wake wa ubao akasema taratibu, "Anasema kweli. Mimi nilikuwepo. Nilizisikia."

Nikasema, "Mwaka huu tunaenda tena."

"Na nani?"

"Na mtoto wangu, Papa Gustave. Unamjua mwingine?"

"Bon. Mtoto wako anacheza vizuri, Mama Lyse. Lakini hatoi mpira."

"Autoe aupeleke wapi, na kikapu kiko pale?"

Wote wakanipigia makofi. Mzee yule ana wivu, ndivyo ninavyoona mimi. Hana mtoto.

Jumatano, 6 Agosti

Mvua. Vichwa viwili tu vya kusuka.

Jumapili, 17 Agosti

Pointi ishirini na mbili jana. Kanisani nimemwambia mchungaji ishirini na mbili, sikuongeza hata moja. Aliposhangaa nikasema, "Na alikuwa na mafua." Hakuwa na mafua. Hiyo siyo pointi.

Jumamosi, 30 Agosti

Mwewe wenyewe, wale ndege, wamerudi. Kila mwaka wakati huu wanarudi. Mmoja amemnyang'anya mtu chipsi pale kwenye robot, zile taa za barabarani, mkononi kabisa, Mireille ameshuhudia. Goodluck anasema ni dalili. Mimi nasema ni njaa, lakini moyoni nimefurahi.

Lyse: pointi kumi na tisa. Wameshinda.

Jumamosi, 20 Septemba

NUSU FAINALI WAMESHINDA. Ishirini na sita! Papa Gustave alirudi amepoteza sauti, Goodluck ndiye aliyesimulia yote: jinsi Lyse alivyochukua mpira katikati, jinsi alivyogeuka, jinsi yule beki mnene alivyobaki anakumbatia hewa. Nikamwomba arudie mara tatu. Mara ya tatu na mimi nikawa nasimulia pamoja naye, na mteja aliyeingia akadhani tulikuwa wote kule.

Fainali ni tarehe 11 Oktoba. Atakayeshinda anaenda kombe la taifa. Miaka kumi na sita, Bwana Yesu.

Jumatano, 24 Septemba

Leo ni sikukuu, nchi nzima inachoma nyama. Papa Gustave alikuwa ameketi mlangoni kwake na betri za simu. Nilikuwa namsimulia mteja mpya ile nusu fainali, nikiwa nimepamba moto, ndipo mzee akauliza bila kuinua kichwa:

"Mama Lyse, siku ile ulikaa upande gani?"

"Upande wa mlango," nikasema.

Akainua kichwa. Akaniangalia. Kisha akarudi kwenye betri zake na kusema, "Eh. Upande wa mlango wanaona vizuri."

Jioni Lyse amekuja kula, nimemuuliza kama jambo dogo tu: upande wa mlango kukoje? Akasema, "Upande wa mlango hakuna viti, Mama. Ni ukuta. Kwa nini?"

Alhamisi, 25 Septemba

Naandika hili kwa sababu daftari halina mdomo.

Sijawahi kumwona mtoto wangu akicheza.

Ninaposema, "Jumamosi ni siku ya vichwa," watu wanaelewa, na ni kweli, Jumamosi tunasuka mpaka vidole vinakufa ganzi. Lakini siyo kweli yote. Mwaka wake wa kwanza nilikwenda mara moja. Kabla sijakaa, msichana mmoja alimgonga, akaanguka chali, na kichwa chake kikalia kwenye zile mbao. Sauti ile naijua mpaka leo. Alisimama, hata hakulia. Mimi nilitoka nje nikapanda taksi, sikurudi tena. Nikamwambia mteja aliniita.

Tangu hapo naokota habari kwa Goodluck, naokota kwa Papa Gustave, nashona, navaa. Ninachojua juu ya mtoto wangu nimekisikia kupitia ubao.

Na mzee yule amejua. Alikuwa na watu watatu mbele yake wa kuwachekesha, akanifunika. Mimi nilisema ana wivu.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimepata wazo. Nitaisuka timu! Wale watano wanaoanza, wote mtindo mmoja, rasta na shanga, bluu na njano, rangi za Mwewe. Kama Namba Nne. Ta-ta-ta-ta! Mireille amekubali, Goodluck amekaribia kulia. Ijumaa hatuchukui mteja mwingine.

Nikienda fainali, nasema NIKIENDA, angalau kichwa chake nitakuwa nimekishika mimi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Vidole havishiki kalamu. Wasichana watano, kuanzia saa moja asubuhi. Wa kwanza alikuwa Ineza, Mrundi, mfupi, mpole, anaomba samahani hata akikaa. Wa mwisho Lyse.

Lyse alizishika shanga mkononi akasema, "Mama, sijui kama marefa wanaruhusu. Vitu vigumu kichwani hawapendi. Kocha yuko kwenye mkutano, ningemuuliza."

"Estella alimuuliza nani?" nikasema. "Picha ile hapo. Papa Gustave, si ulizisikia?"

"Nilizisikia," ubao ukajibu.

Lyse akakaa. Wenzake walikuwa mbele ya kioo wanatikisa vichwa ili zilie. Misuko sitini kila mmoja, shanga nne kila msuko, na kilastiki mwishoni. Walipotoka, mtaa wote ulisimama kuwatazama. Nimewapiga picha kumi na saba.

Kesho nafunga saluni. Nimeandika kwenye karatasi, nimebandika mlangoni: IMEFUNGWA, MTOTO ANACHEZA.

Jumapili, 12 Oktoba

Jana sikuandika. Leo naandika polepole, nataka kila kitu kikae mahali pake.

Tulifika mapema: mimi, Mireille, Goodluck na Papa Gustave, aliyevaa jezi ya 2009 inayombana tumboni. Alinishika kiwiko tu, akanionyesha ngazi, kama mtu anayejua mwenzake ni mgeni. Ukumbi ulikuwa umejaa. Wasichana wakaingia, shanga zikalia, watu wakainuka, na mimi nikawaambia walio mbele yangu, nyuma yangu na kando yangu, "Nimesuka mimi. Yule mrefu nimemzaa mimi."

Wakawa wanapasha mwili. Refa mkuu akapuliza filimbi akamwita Lyse. Akashika msuko mmoja kwa vidole viwili, akatikisa kichwa. Kocha akaja mbio. Wakaongea. Kocha akageuka kutazama watu, macho yake yanatafuta, na nikajua anamtafuta nani.

Hawachezi na shanga. Mtu akigongwa nazo usoni anaumia. Mwenye shanga anakaa nje mpaka azitoe. Zimebaki dakika ishirini.

Wasichana watano. Misuko mia tatu. Kuna mtu nyuma yangu aliuliza, "Ni nani huyo mjinga aliyewasuka?" na nilikuwa nimeshamwambia.

Nilishuka. Sijui nilishukaje. Mireille alikuwa na vitana kwenye mkoba, mimi nina mkasi siku zote. Goodluck akaja na mkasi wake wa kinyozi. Papa Gustave alikuja na kile kifuko chake cha kazi, anatembea nacho hata kanisani, akatoa kibanio chembamba cha kushikia vidude vya simu, na nikuambie, mzee yule aliving'oa vilastiki kama anachuma maharage.

Nilimkamata Lyse. Akanisukuma mkono.

"Anza na wao, Mama."

"Wewe ndiye kapteni!"

"Kwa hiyo anza na wao."

Tukaanza na wao. Shanga zilianguka sakafuni, zikakimbia kila upande, watoto wa watu wakawa wanaziokota. Ndipo mwanamke mmoja akapiga magoti karibu yangu, mkubwa, ovaroli ya kiwandani, viatu vya kazi, akachukua nywele za Ineza bila kuuliza.

"Nani aliwaambia waweke shanga?" akauliza.

"Namba Nne," nikasema, machozi yananitoka. "Estella. Mwaka 2009. Alicheza nazo, iko picha."

Yule mama akacheka, vidole haviachi kazi. "Maman, Estella ni mimi. Nimetoka zamu ya kiwandani Mobeni sasa hivi. Ile picha tulipiga Jumatatu, mechi imeshapita. Jumapili dada yangu aliolewa, ndiyo maana nilikuwa na shanga. Siku ya mechi nilikuwa nimesuka za chini tu, kavu, bila shanga."

Papa Gustave alisimama na kibanio hewani. Ni yeye aliyemwita Estella. Anamtengenezea simu, akamwambia aje aone fainali kabla hajaenda nyumbani Chatsworth.

"Lakini nilizisikia," akasema.

"Papa, hazikuwepo."

"Naapa, Estella. Nilizisikia." Na uso wake, Mungu wangu, ulikuwa kama wa mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango uko upande mwingine.

Filimbi. Wanne walikuwa tayari, wakaingia na msichana wa akiba. Lyse alibaki kwenye benchi, na mimi nyuma yake, na rasta sitini. Nilimshika kichwa kama ninavyomshika mteja asiyetulia, uso mbele, shingo wima. Estella upande wa kushoto, Mireille kulia. Mechi sikuiangalia. Niliisikia nyuma ya kichwa cha mtoto wangu: viatu vikilia, watu wakisema ooh, ubao wa pointi ukipiga kengele. Goodluck alisimulia, lakini safari hii kwa sauti ndogo. Nane kwa ishirini na moja. Eish. Kumi kwa ishirini na tano.

"Lyse," nikamwambia masikioni, "nimekuharibia."

"Tulia, Mama. Naangalia."

Kilastiki cha mwisho nilikikata kwa meno. Robo ya pili ilikuwa katikati. Akasimama, akazifunga nywele kwa kitambaa laini, akaingia.

Sasa niseme nini? Nimesimulia mechi zake miaka mitatu na sikuwa na neno hata moja la kweli.

Alipokea mpira akakimbia, na wale wote, wasichana wazuri, wenye nguvu, ghafla wakawa kama wanakimbia ndani ya maji. Hakuwa na haraka. Nilidhani anakwenda kasi sana, kwa jinsi walivyosimulia. Kumbe ni wenzake ndio wenye haraka, yeye ana nafasi. Mkono ule ambao nilikuwa naukata kucha. Akaruka. Nikangoja ashuke. Nikangoja. Niliona nyayo za viatu vyake, nikakumbuka yule daktari alivyoita wenzake, na nikaelewa kwa nini aliwaita.

Akagongwa, akaanguka chali. Ile sauti. Papa Gustave alinishika mkono, akaushika kwa nguvu, akasema, "Usifumbe, Mama Lyse. Angalia anavyoamka."

Nikaangalia. Alijiviringisha kidogo, akatoa mkono, akavutwa na Ineza, akasimama anacheka. Ndivyo anavyoamka. Miaka mitatu nilikuwa nimebaki kwenye kuanguka.

Ndani ya ukumbi ule sikusikia shanga. Nilisikia pumzi yangu.

Walimkaba wawili, mara watatu. Na kila walipokuja watatu, mpira ulikuwa umeshaondoka. Kwa Ineza. Kwa yule wa akiba. Kwa mwingine. Papa Gustave alianza kuhesabu pasi kwa Kifaransa, akaacha kuhesabu. Hamsini na tisa kwa sitini, sekunde sita. Mpira uko kwa Lyse. Ukumbi wote umesimama, na mimi, mwenye aibu ya shanga elfu moja na mia mbili, napiga kelele, "Piga! Piga, mwanangu, piga!"

Hakupiga. Wote watatu walimrukia, na yeye akautelezesha chini ya mikono yao, kwa Ineza, yule anayeomba samahani akikaa. Ineza alikuwa peke yake chini ya kikapu. Aliuweka ndani taratibu kama anaweka chungu jikoni.

Sitini na moja kwa sitini.

Estella alikuwa kando yangu, mikono kichwani. Alisema peke yake, "Mimi ningepiga." Akarudia, kwa heshima kabisa, "Mimi ningepiga."

Papa Gustave alikaa chini. Nilidhani anaumwa. Alikuwa analia ndani ya jezi yake.

Usiku, hapana, bado ilikuwa jioni, tukiwa tunakula, nilimuuliza Lyse: tangu lini unatoa mpira hivyo? Akasema, "Mama, ulinishika kichwa. Sikuweza kugeuka popote. Sijawahi kukaa nje robo nzima. Nikawaona. Ineza kila mara yuko peke yake kule chini, kila mara, na mimi sikujua."

Nilitaka kumwambia na mimi sikujua. Nilimwongezea ndizi.

Jumatatu, 13 Oktoba

Vichwa sita. Wote wanataka shanga.

Jumanne, 14 Oktoba

Papa Gustave ameishusha ile picha. Nilisikia msumari. Nikaenda upande wake, nikamkuta ameishika magotini anaifuta vumbi. Nikamwambia airudishe, ni picha nzuri, na Namba Nne alishinda kweli, kwa nywele zozote.

"Miaka kumi na sita nilikuwa shahidi," akasema. "Shahidi wa nini?"

"Ya Lyse umeiona vizuri?"

"Nimeiona."

"Basi itundike, na ya Lyse tuweke pembeni yake." Nikamshikia ngazi. Na nikamwambia, kwa kuwa hatukuwa na mtu, "Asante kwa ule ukuta wa mlango."

"Ukuta gani?" akasema mzee yule, na msumari mdomoni.

Jumamosi, 18 Oktoba

Mvua tangu asubuhi, saluni imejaa watu wanaojificha. Kombe la taifa ni mwezi ujao, tunakwenda kwa basi, Goodluck ameshaandika majina, la kwanza ni langu.

Alikuwa anamnyoa kijana mmoja, na anasimulia. Nami nilikuwa nasuka, nasikia.

"Basi Lyse akaingia, bwana, nusu ya shanga bado ziko kichwani! Refa ameogopa kumtoa! Akiruka, shanga zinakatika, zinanyesha, ta-ta-ta-ta, mabeki wanateleza juu ya shanga! Pointi arobaini!"

Watu wote wakageuka kwangu. Wanajua mimi ndiye wa kuongeza. Hata nyuma ya ubao bisibisi ya Papa Gustave ikasimama.

Na ilikuwa tamu, nakiri. Kwa dakika moja niliziona kabisa, shanga bluu na njano zinaanguka toka juu. Kesho ningekuwa nimezisikia.

Nikanawa mikono. Nikatoa daftari hili kwenye droo ya vitana, nikavaa miwani, nikawasomea ukurasa wa tarehe kumi na mbili wote, pamoja na yule mjinga aliyewasuka, pamoja na mimi kupiga kelele "Piga!" Nikafika kwenye ile pasi nikaisoma mara mbili, maana mara ya kwanza walikuwa wanashangilia.

Yule kijana, nusu kichwa kimenyolewa, akauliza, "Sasa Lyse mwenyewe alifunga ngapi, Mama?"

Ndiyo, nilikuwa sijaandika. Naandika sasa.

Pointi kumi na moja. Nilikuwepo. Zimekaa.